Mtu Asiyekula Samaki

Mwezi uliopita nilikwenda Kuria kumzika Chacha Marwa, na huko mazishini watu wakanishuku. Siwalaumu. Bibi kizee wa Kijaluo ametoka Homa Bay na fimbo yake, ameketi safu ya pili chini ya turubai, analia kuliko mashemeji. Mtu atafikiria nini? Mama mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake kwa Kiswahili, makusudi ili nisikie, "Huyu atakuwa bibi wa kando. Ngoja tu, atasimama aulize shamba." Sikugeuka. Robi, binti wa marehemu, ndiye aliyenipigia simu nije, na kwa kuwa yeye ananijua, hayo mengine niliyaacha yapite. Kisha kaka yake Robi akasimama kusoma maisha ya baba yao: alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, alioa lini, kinu chake cha kusaga, uzee wake wa kanisa. Katikati ya hayo, bila hata kuvuta pumzi, akasema, "Pia aliwahi kuendesha boti Homa Bay," akaendelea na habari za ng'ombe. Nilifuta macho nikalitazama jeneza. Mwaka ulionifanya niwe hivi nilivyo ulikuwa umepita kwa sentensi moja, na yule pekee ambaye angenisaidia kuusimulia ndiye tuliyekuwa tunamfukia.

Ulikuwa ule mwaka ziwa lilipopanda, bendera ya mkoloni ikiwa bado juu ingawa kila mtu alijua inashuka. Wa rika langu wanaukumbuka. Mvua ilikataa kukoma. Maji yalimeza ufuo, yakaingia kwenye mashamba ya mtama, yakasimama ndani ya vyumba vya watu waliokuwa wamejenga chini, na miti mikubwa ikabaki imesimama ziwani, imekauka, ndege wamejaa juu yake. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya misheni na nilifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa juu ya gati. Jiko hilo naliona hata sasa nikifumba macho: kuta nyeusi kwa moshi, meza iliyokwaruzwa kwa visu, dirisha moja la kutazama ziwa, na ukutani tundu la mraba la kupitishia sahani kwenda chumba cha kulia. Kupitia tundu hilo nilisikia mambo mengi kuliko niliyofundishwa shuleni. Mpishi mkuu alikuwa Mama Salome, Msabato mnene mwenye sauti ndogo, ambaye Jumamosi hakugusa sufuria, kwa hiyo siku hiyo jiko lilikuwa langu peke yangu.

Samaki wa jikoni aliletwa na Ochieng', kijana wa Jaduong' Ogola, mzee aliyesimamia wavuvi wa ufuo wetu. Ochieng' hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa anaweka kikapu mlangoni, anachagua ngege mmoja mzuri na kumweka kando, halafu anasema, "Huyu si wa wageni." Mimi na yeye tulikuwa tumeanza mazungumzo, kama tulivyosema siku hizo, na Mama Salome alijua, akawa anatafuta visingizio vya kutoka nje Ochieng' akija. Ilikuwa ni furaha ndogo ya kawaida, na kama angeishi huenda ingekuwa ndoa ya kawaida.

Chacha Marwa alifika mvua zilipokuwa zimechacha. Alikuwa fundi wa injini kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Migori, mrefu, mweusi wa kung'aa, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Aliandikwa kuendesha boti ya nyumba ya wageni, ile iliyowapeleka wageni kutazama viboko, mamba na ndege. Hakujua Dholuo, nasi hatukujua Kikuria, kwa hiyo mambo yote kati yake na sisi yalipitia Kiswahili, na Kiswahili chetu wote kilikuwa cha kuazima. Mchana wa kwanza Mama Salome alimwekea ugali na samaki wa mchuzi. Akala ugali, akala mboga, samaki akamsukuma pembeni kwa kidole.

"Unaumwa?" Mama Salome akamuuliza.

"Hapana, mama. Hii mimi sili."

"Huli leo, ama huli kabisa?"

"Kabisa."

Alipotoka, Mama Salome alibaki amesimama na sahani ile mkononi. "Mtu anakuja ziwani kufanya kazi, na hali samaki," akasema. "Kuna kitu hapo." Siku hiyo nilicheka. Lakini neno lilitoka jikoni likashuka hadi ufuoni, na kule lilikuta watu wenye wasiwasi tayari, kwa sababu katika majuma hayo hayo kiboko mmoja jike, mwenye kovu jeupe begani, alikuwa ameingia kwenye mafunjo karibu na mahali pa kutegea nyavu. Alikuwa anafukuza mitumbwi. Alipindua mmoja, watu wakaogelea wakaokoka. Akapindua wa pili, na huo ulikuwa wa Ochieng'.

Walimleta asubuhi. Sitaeleza alivyokuwa. Nitasema tu kwamba nilikwenda nyumbani kwao na wasichana wengine, nikalia kama mmoja wao, kwa sababu mazungumzo si uchumba na sikuwa na haki ya kulia zaidi. Jaduong' Ogola aliketi kwenye kiti chake mbele ya nyumba, kofia magotini, bila kumjibu mtu. Baada ya mazishi alianza kusema, na alichosema kilikuwa swali moja tu: kwa nini kiboko huyu hagusi boti ya Mkuria?

Swali hilo likaota miguu. Watu wetu walikuwa wakisema tangu zamani kwamba wako wanaofuga wanyama wa majini, mtu na mamba wake, mtu na kiboko wake, na kumtuma kwa adui. Sasa kila alichofanya Chacha kilitazamwa. Alionekana kutoka ufuoni akizima injini katikati ya maji na kuinamia ziwa kichwa chini, kama mtu anayesalimu. Alisikika akinong'ona kwa lugha yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kamba nyembamba kila alipopanda botini. Na mimi mwenyewe, kwa macho yangu, nilimwona akija mlango wa nyuma wa jiko kila jioni kuomba maganda ya viazi na majani ya kabichi, anayatia kwenye gunia na kwenda. Kiboko anakula nini? Majani. Niliwaza hivyo nikiwa nimeshika ndoo ya maganda, na tangu siku hiyo sikuweza kumtazama usoni. Leo najua jinsi shaka inavyofanya kazi. Haihitaji jambo kubwa. Huokota vitu vidogo vilivyokuwa vimelala tu, na kila kimoja hukigeuza kikutazame. Lakini pia nakumbuka, na hili ni gumu kusema, kwamba ilinisaidia. Nilipokuwa namshuku Chacha sikuwa namlilia Ochieng'. Nilikuwa na kazi ya kufanya.

Jaduong' Ogola alikuja jikoni mwenyewe siku moja baada ya chakula cha mchana. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti cha Mama Salome, akakataa chai.

"Nyathina," akaniambia, na aliponiita mwanangu moyo ulinishtuka, "nasikia kuna Mhindi anataka kwenda kuona viboko."

"Ndiyo, jaduong'. Bwana Jivan wa studio ya picha kule Kisumu, na bibi yake. Wanakwenda keshokutwa."

"Wataenda na chakula?"

"Wataenda na chakula."

"Basi wewe ndiye utakibeba. Kaa karibu na huyo mtu. Angalia mikono yake, sikiliza mdomo wake. Mimi sitaki kumwonea mtu. Ukirudi uniambie uliyoona, ni hayo tu."

"Na nikiona ni yeye?"

Alirudisha kofia kichwani. "Vijana wako tayari," akasema, akatoka. Nilijua maana yake. Mwaka ule nyumba ya mtu mmoja upande wa pili wa mlima ilikuwa imechomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Bwana Jivan na mkewe, Bibi Shanta, hawakula nyama, hawakula samaki, hawakula hata yai, na Mama Salome aliuona mwaka huo kuwa mwaka wa kujaribiwa kwake. Bibi Shanta aliingia jikoni akapika mwenyewe: viazi vya manjano, chapati nyembamba, na achari ya ndimu ya kukaza taya. Nikaona ajabu kwamba kwao wawili kutokula samaki hakukumshangaza mtu yeyote. Asubuhi ya safari tulibeba vyakula hivyo kwenye kikapu tukashuka gatini. Bwana Jivan alikuwa na kamera mbili shingoni. "Mimi nataka kiboko mdomo wazi," akamwambia Chacha. "Picha kubwa ya kuweka dirishani. Watu wa Kisumu wasimame barabarani watazame." Chacha aliitikia "Ndiyo, bwana," akafunga ile kamba mkononi, na mimi nikakaa kwenye benchi karibu kabisa na injini, kikapu magotini, macho kwenye kamba.

Nilikuwa nimezaliwa kando ya ziwa hilo lakini sikuwahi kulitazama kwa ajili ya kulitazama tu. Kwetu ziwa lilikuwa kazi. Siku hiyo, kwa kuwa Bwana Jivan alikuwa akinyoosha kidole kila upande, nililazimika kuona. Furukombe alikaa juu ya mti uliozama, kifua cheupe, akarusha kichwa nyuma na kulia, mwingine akamjibu kutoka mbali. Minandi walikuwa wametandaza mbawa zao zikauke kama nguo zilizoanikwa. Kenge alijitupa kutoka kwenye mwamba. Kwenye kisiwa kidogo cha mchanga kilichobaki, mamba alikuwa amelala kinywa wazi, na Bibi Shanta akashika mkono wangu bila kujua ni wa nani. Bwana Jivan akapiga picha, akasema, "Karibu kidogo." Chacha hakusogea. "Hapa panatosha, bwana," akasema. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Niliinama kana kwamba napanga kikapu ili nisikie. Alikuwa ananong'ona kweli, haraka haraka, kwa Kikuria, neno lile lile likirudi, na mwisho nikasikia kitu nilichokijua: "Amina."

Nilikaa wima. Hata hivyo sikumwamini. Nilijiambia kwamba hata wachawi siku hizi wanasema amina.

Tulipofika mahali penye mawimbi, nje ya ghuba, alizima injini, akageuka upande, akainamia maji. Hilo ndilo nililotumwa kuona. Nilijisogeza kwenye benchi mpaka bega langu likagusa mgongo wake, nikategea sikio. Sauti iliyotoka haikuwa maneno. Mtu yule alikuwa anatapika. Alitapika chai na mkate wa asubuhi, kimya kimya, kwa adabu ya mtu aliyezoea kuficha, kisha akachota maji kwa kiganja, akasukutua, akafuta mdomo kwa mkono wa shati. Macho yetu yakakutana. Akatazama pembeni upesi kama mtu aliyekamatwa, na mimi nikaanza kuhisi kwamba nimekamata kitu ambacho sicho.

Kisha fisi-maji wakatokea, na kwa muda nikasahau yote. Walikuwa familia nzima, vichwa bapa, masharubu yanametameta, wakizunguka boti na kutupiana samaki kama watoto na mpira. Mmoja alilala chali juu ya maji akamtafuna samaki wake kuanzia kichwani huku akitutazama. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi, na mara tu nilipojisikia nikicheka, nikanyamaza, nikaona Chacha naye anatabasamu, mkono wake wenye kamba umeng'ang'ania benchi.

Viboko walikuwa kwenye mafunjo kando ya shamba lililozama, na ncha za mabua ya mtama zilikuwa bado zinaonekana juu ya maji. Tuliona masikio kwanza, halafu macho, halafu lile kovu jeupe. Ni yule. Mgongoni kwake, nusu ndani ya maji, alilala mtoto wake, mdogo, wa rangi ya waridi tumboni. Bwana Jivan alisimama. "Sasa karibu! Karibu!" Chacha akatikisa kichwa. "Bwana, huyo ana mtoto." "Nimekulipia niangalie masikio tu? Karibu!" Chacha alinitazama mimi, sijui kwa nini, labda alitaka mtu wa kumwunga mkono. Na mimi, na sumu yote niliyokuwa nayo, nikamwambia taratibu, "Si anakujua? Mbona unaogopa?"

Hakuelewa, au alielewa sana. Aliisogeza boti. Pangaboi likanaswa na magugu, injini ikakohoa ikazima. Kiboko hakuwepo tena. Alikuwa amezama bila sauti, na kulikuwa na mstari wa mapovu unaokuja kwetu. Bibi Shanta alianza kuita majina ya miungu yake. Boti iliinuliwa upande mmoja polepole, kana kwamba kuna mtu chini anataka kuona kilicho ndani, kisha ikaangushwa. Kikapu kikaenda. Kamera moja ikaenda. Chacha, aliyekuwa amesimama akivuta kamba ya injini, akaenda, na ile kamba ya mkononi, ambayo sasa niliona ilikuwa imefungwa kwenye benchi, ikakatika.

Nilingoja aogelee. Mtu wa boti, mwenye kiboko, ataogelea. Nilichoona ni mikono miwili ikikamata hewa, na uso ulioibuka mara moja macho yametoka, ukashuka. Sikuwaza. Niliruka. Alinishika shingo akanizamisha, nikampiga kiwiko puani kama tulivyofundishwa na kaka zetu utotoni, nikamkamata ukosi wa lile shati lenye vifungo, nikamburuta. Nikiwa ndani ya maji hayo nilimwona kiboko. Alipita karibu nasi hata mawimbi yake yakatuinua, mtoto wake ubavuni, akielekea kina kirefu. Hakututazama hata mara moja. Alikuwa mama anayemwondoa mtoto wake mahali penye kelele, na shamba lile lilikuwa njia yake kwa kuwa malisho yake yalikuwa chini ya maji kama mashamba yetu. Mtumbwi wa Ochieng' ulikuwa umepita kati yake na mtoto huyo. Hakuna aliyemtuma. Nilijua hivyo palepale, nimeshika ukosi wa mtu, mdomo umejaa maji.

Bwana Jivan alituvuta ndani, akiomba msamaha kwa lugha zote alizozijua. Bibi Shanta alimfunika Chacha kwa mtandio wake. Injini ilipokubali tena, Chacha alishika usukani akiwa na mtandio huo wa kike mabegani, damu inamtoka puani, na aliniambia kwa sauti ya chini wasisikie wale:

"Dada. Usiwaambie."

"Hujui kuogelea."

"Waliniuliza kama najua injini. Maji hawakuuliza. Kwetu ni milimani."

"Na maganda? Unayapeleka wapi?"

"Maganda gani?"

"Ya jikoni."

"Kwa sungura. Nina sungura nyuma ya nyumba."

"Na samaki?"

Alinitazama kana kwamba nimeanza kupotewa na akili. "Mwiba," akasema. "Ulinikwama kooni nikiwa mdogo. Naogopa miiba. Wakijua naogopa maji nitafukuzwa kazi, na watoto watanicheka mpaka nife. Nakuomba."

Nilikuwa nalia, na safari hii ilikuwa kwa Ochieng'. Hapakuwa na mtu wa kubebeshwa kifo chake. Alikuwa amekufa tu, na sasa ilinibidi niende nyumbani na hilo.

Jumapili, baada ya makanisa kutoka, watu walikusanyika kwenye banda la nyavu. Vijana walikwenda kumleta Chacha. Alikuja katikati yao, shati limefungwa mpaka juu kama kawaida. Walikuwa wameandaa mtumbwi. Mpango, nilielezwa na kijana mmoja kwa furaha, ulikuwa kumsukuma peke yake hadi kwenye yale mafunjo. Kiboko akimwacha, basi ni wake, na watajua la kufanya. Kiboko asipomwacha, basi. Nilitafuta kosa katika mpango huo nikaona kosa ni mpango wote, lakini nyuso zilikuwa hazitafuti kosa. Jaduong' Ogola akaniita mbele, akasema kwa Kiswahili ili mshtakiwa asikie, "Huyu msichana alikuwa botini. Aseme aliyoona."

Nilimtazama Chacha. Alitikisa kichwa, kidogo sana, mimi tu niliona. Alikuwa ananiomba nikae kimya. Kama mtu mzima nimejiuliza mara nyingi kama alijua ule mtumbwi ni wa nini. Baadaye aliniambia alijua.

"Hana kiboko," nikasema. "Hajui hata kuogelea. Anapoinama anatapika, kwa sababu ziwa linamzungusha kichwa. Anachonong'ona ni sala. Ile kamba ni ya kujifunga asianguke. Alianguka, nikamtoa mimi, amening'ang'ania shingo. Jaduong', huyu mtu anaogopa maji kama mtoto."

Mtu mmoja nyuma akatoa sauti puani, na banda zima likalipuka. Wanaume walishikana mabega. Wengine walikaa chini. Dereva wa boti asiyejua kuogelea! Nilikuwa nimewaza watapiga kelele, watabisha, kicheko sikukiwaza. Chacha alisimama katikati yake bila kusogea, na sijapata kuona uso wa mtu ukifungwa namna ile. Jaduong' Ogola peke yake hakucheka. Alimshika Chacha mkono, akamwongoza hadi majini, hatua kwa hatua, viatu na yote. Maji yalipofika magotini Chacha alianza kutetemeka. Yalipofika kiunoni alimkumbatia yule mzee kwa mikono miwili, mbele ya kila mtu, uso umejificha begani kwake. Kicheko kiliisha. Jaduong' Ogola alibaki amesimama na mzigo huo, na nadhani alikuwa anamfikiria mwanawe, jinsi naye alivyoshika na kukosa cha kushika.

"Huyu si mtu wa ziwa," akasema alipomrudisha ufuoni. "Mwacheni." Akaenda zake nyumbani, nguo zinachuruzika.

Chacha aliondoka kesho yake. Sungura aliwaacha kwa Mama Salome. Mimi hakuniaga. Nilisimama dirishani nikamwona anapita na sanduku lake, watoto nyuma yake wakiinama na kujifanya wanatapika, na hakugeuza kichwa kuelekea jikoni.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini kiboko hakuwa amesikia uamuzi wa banda la nyavu, na mwezi uliofuata alipindua mtumbwi mwingine. Watu wakawa na shaka na hawana wa kumbebesha. Nani alikuwa ndani ya maji na yule mnyama akatoka bila mkwaruzo? Nani alimtetea Mkuria? Nilianza kuona sahani nilizopakua zikirudi kupitia lile tundu hazijaguswa. Kisimani wanawake walipisha nafasi kubwa kuliko nilivyohitaji. Mama Salome, aliyekuwa akinipenda, alinishauri nisionekane gatini jioni. "Mimi sisemi ni wewe," akasema huku akikwepa macho yangu. "Nasema tu usionekane." Hapo ndipo nilipoelewa jinsi Chacha alivyokuwa akiishi, kila siku, na maganda yake ya viazi. Mwisho wa mwaka, watu wakishona nguo za sherehe ya uhuru, nilifunga vitu vyangu kwenye kitambaa nikapanda lori la mahindi kwenda Migori. Nilikuwa nimesikia kuna Mkuria mmoja anaendesha kinu cha kusaga Ogwedhi, penye mnada wa ng'ombe.

Nilimkuta. Kinu kilikuwa kinanguruma, yeye mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, wanawake wa Kijaluo, wa Kikuria na wa Kimasai wamejipanga na madebe yao. Aliniona, akaendelea kusaga. Nilikaa kwenye gogo nikangoja. Alisaga debe baada ya debe bila kuinua macho, mpaka mwishowe akainama akazima injini.

"Umekuja kucheka?" akaniuliza.

"Nimekuja kutafuta kazi."

"Kule kuna nini?"

"Kule wanasema kiboko ni wangu."

Alijifuta macho kwa mkono wa shati, unga ukazidi. "Nani anasema?"

"Wote."

"Hata jaduong'?"

"Hapana. Yeye hasemi chochote."

Wanawake walianza kunung'unika kwamba jua linakwenda. Mmoja aliyekuwa mbele, mama wa Kikuria mwenye mtoto mgongoni, alinipima juu mpaka chini kwa macho ambayo sasa niliyajua vizuri, akauliza, "Na huyu ni nani?"

Nilidhani Chacha atasema hanijui. Alikuwa na haki. Badala yake aligeukia ule mstari wote, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, "Huyu anaitwa Dorina. Nilianguka ziwani, akanitoa. Mimi sijui kuogelea."

Nilingoja kicheko. Nilikaza mwili mzima nikikingoja.

"Na hapa nani anajua?" yule mama akasema, akasukuma debe lake mbele. "Washa, bwana, watoto hawajala."

Chacha akawasha injini, na kwa kidole akanionyesha gunia tupu la kushikilia chini ya mdomo wa kinu.